Uzito salama wa boti za matembezi Ziwa Victoria: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuondoka ufuoni

JUA linapoanza kuteremka juu ya Ghuba ya Winam siku za wikendi, fuo za Dunga na Hippo Point mjini Kisumu hufurika wageni. Zimo familia zilizotoka kanisani, wanafunzi walio katika ziara, vijana wanaosherehekea siku za kuzaliwa na watalii kutoka mbali. Wengi huwa na nia moja: kupanda boti kwa saa moja hivi, kutazama viboko na ndege, au kuvuka hadi kisiwa cha Ndere, kisha kurejea kabla ya giza.

Katika pilkapilka hizo, swali linaloulizwa kwa kawaida ni la bei. Swali ambalo ni nadra kulisikia ni hili: boti hii inastahimili kilo ngapi, na hadi sasa imebeba ngapi?

Makala haya yanaeleza maana ya kikomo cha uzito katika boti ndogo, jinsi ya kukikadiria, na kwa nini kikomo hicho si sawa asubuhi na jioni katika ziwa letu.

Mafunzo ya machungu

Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, limewahi kutoa mafunzo mazito kuhusu vyombo vilivyozidishiwa mzigo. Mnamo Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, Tanzania, na zaidi ya watu 800 wakafariki. Meli hiyo ilikuwa imebeba watu wengi kupita idadi iliyoidhinishiwa.

Mnamo Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika gatini katika kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kiliidhinishwa kubeba abiria 101. Waliofariki pekee walikuwa 228, yaani zaidi ya maradufu ya idadi hiyo.

Miezi miwili baadaye, Novemba 24, 2018, zamu ilikuwa ya boti ya starehe. MV Templar ilizama karibu na ufuo wa wilaya ya Mukono, Uganda, ikiwa na watu waliokuwa wakijiburudisha kwa muziki na vinywaji. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Maafisa wa nchi hiyo walisema chombo hicho hakikuwa na leseni na kilikuwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake.

Huenda msomaji akasema kwamba meli na vivuko havifanani na boti ya watu sita inayozunguka Dunga. Ukweli ni kwamba kanuni inayovizamisha ni moja, na kadiri chombo kinavyokuwa kidogo ndivyo kosa dogo linavyotosha. Katika meli kubwa, mtu mmoja akisimama hakuna anayetambua. Katika boti ya futi 18, mtu mmoja akiinuka ghafla chombo chote huyumba.

Uzito si hesabu ya vichwa

Kosa la kwanza ambalo hufanywa ufuoni ni kuhesabu watu badala ya uzito. Kisa kimoja cha Marekani kinaeleza jambo hili kuliko kingine chochote.

Mnamo Oktoba 2, 2005, boti ya watalii iitwayo Ethan Allen ilipinduka katika Ziwa George, jimbo la New York, hali ya hewa ikiwa nzuri. Cheti chake kiliruhusu watu 50. Ndani yake mlikuwamo abiria 47 na nahodha mmoja, kwa hivyo kwa hesabu ya vichwa hakuna sheria iliyovunjwa. Hata hivyo, watu 20 walikufa.

Uchunguzi wa Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Uchukuzi ya nchi hiyo ulibaini kwamba cheti kilitegemea makadirio ya zamani, ambapo kila abiria alichukuliwa kuwa na uzito wa kilo 64 hivi. Abiria wa siku hiyo walikuwa wazito zaidi. Isitoshe, boti ilikuwa imefanyiwa mabadiliko, likiwamo paa zito la mbao lililochukua nafasi ya turubai. Wachunguzi walikata kauli kwamba boti hiyo ilifaa kubeba abiria 14 tu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2011, Marekani ilipandisha wastani unaotumiwa kukagua boti za abiria hadi kilo 84 kwa kila mtu.

Funzo kwa Kisumu ni wazi. Boti iliyowekewa paa la mabati, viti vya ziada na vipaza sauti si boti ile ile iliyotoka mikononi mwa fundi. Uwezo wake hupungua kila kitu kizito kinapoongezwa, hasa kikiwekwa juu.

Jambo jingine ni watoto. Katika matatu, hata baada ya kanuni za Michuki za mwaka 2004 kutaka kila abiria awe na kiti chake, bado wapo wazazi wanaowapakata watoto ili kuokoa nauli. Tabia hiyo imehamia majini. Lakini boti haijui ni nani aliyelipa na ni nani aliyepakatwa. Mtoto wa kilo 25 ni kilo 25, na anahitaji jaketi ya kuokoa maisha inayomtosha.

Kusoma bamba la uwezo

Boti nyingi za glasi-nyuzi zilizotengenezwa viwandani huwa na bamba dogo karibu na usukani au nyuma karibu na injini. Bamba hilo hutaja idadi ya juu ya watu, uzito wa juu kwa kilo au ratili, na mara nyingine nguvu ya juu ya injini. Nchini Marekani, bamba hilo ni la lazima kwa boti nyingi za injini zenye urefu usiofika futi 20.

Boti zilizoundwa kwa soko la Ulaya huwa pia na herufi. Herufi C ni ya boti inayoweza kustahimili upepo mkali kiasi na mawimbi ya hadi mita 2. Herufi D ni ya boti ya maji yaliyotulia, ambako mawimbi kwa kawaida hayazidi sentimita 30. Mnunuzi wa boti kuukuu kutoka ng'ambo anapaswa kuitazama herufi hiyo kabla ya kutazama rangi, kwa kuwa mawimbi ya alasiri nje ya Dunga huweza kupita kiwango hicho cha D.

Ikiwa bamba lina vikomo viwili, yaani idadi ya watu na uzito, kile kinachofikiwa kwanza ndicho kinachofuatwa.

Boti isiyo na bamba

Boti nyingi za mbao za ziwani huundwa na mafundi wa fuoni na hazina bamba lolote. Kwa boti fupi ya kawaida, yenye urefu usiozidi futi 20, kuna kanuni ya kukadiria inayofundishwa na wakufunzi wa usalama wa majini: zidisha urefu kwa upana katika futi, kisha ugawe kwa 15. Boti ya futi 18 kwa futi 5 hutoa 90. Ukigawa kwa 15, jibu ni watu 6.

Kanuni hiyo ina masharti. Ni ya watu wazima wa uzito wa wastani, walioketi, bila mzigo mkubwa, na maji yakiwa matulivu. Haifai kutumiwa kwa mitumbwi mirefu na myembamba ya aina ya Sesse, ambayo urefu wake hudanganya. Chombo kirefu chenye sakafu nyembamba huonekana kuwa na nafasi ya watu wengi, ilhali upana ndio hasa unaokizuia kupinduka. Wamiliki wa vyombo vya namna hiyo wanapaswa kutegemea kipimo cha mkaguzi.

Kuna pia kipimo cha macho. Kila chombo hushuka majini kinapoongezewa uzito. Katika boti ya futi 18 kwa futi 5, kila mtu mzima huishusha kwa zaidi ya sentimita moja. Watu kumi huishusha kwa sentimita 13 hivi. Ubavu unaosalia juu ya maji ndio ukuta pekee kati ya abiria na wimbi. Mnamo mwaka 1876, baada ya kampeni ya mbunge Samuel Plimsoll, Uingereza ililazimisha meli zichorwe mstari ubavuni kuonyesha mwisho wa kupakia. Mwenye boti ndogo anaweza kuiga hekima hiyo: baada ya ukaguzi, achore mstari wa rangi inayoonekana. Mstari ukizama, mtu au mzigo ushuke.

Mfano wa hesabu

Tuchukue boti ambayo bamba lake linasema watu 6, na jumla ya kilo 610 ikiwa ni pamoja na injini na mizigo. Nahodha na wageni watano wanajiandaa kwenda Ndere kwa mchana mzima. Hesabu huenda ikawa hivi:

Nahodha: kilo 80
Wageni watano, wastani wa kilo 75: kilo 375
Injini ya nguvu farasi 40: kilo 75
Petroli, mitungi miwili ya lita 20: kilo 30
Betri: kilo 15
Nanga na kamba: kilo 15
Kreti mbili za soda: kilo 35
Sanduku la barafu, samaki, jiko na makaa: kilo 40
Maji ya kunywa, lita 20: kilo 20
Jumla: kilo 685

Vichwa ni sita, kama bamba linavyoagiza. Lakini uzito umepita kikomo kwa kilo 75. Ni kana kwamba kuna abiria wa saba asiyeonekana, na hakuna aliyemwalika. Dawa yake ni nyepesi: aachwe mgeni mmoja, au kreti, jiko na sanduku vibaki ufuoni.

Mahali pa kuketi

Boti yenye uzito halali bado inaweza kupinduka ikiwa uzito huo umekaa vibaya. Mizigo mizito huwekwa chini, katikati, na kufungwa ili isiserereke. Watu husambazwa pande zote mbili. Uzito ukirundikana tezi, karibu na injini, wimbi la nyuma huingia kwa urahisi. Ukirundikana omo, boti huchimba maji na kuwa ngumu kuongoza.

Hatari kubwa zaidi katika boti za matembezi ni watu kusimama na kukimbilia upande mmoja. Kiboko anapoibua kichwa, au jua linapozama na kila mtu akitaka picha, abiria wote huinuka kwa pamoja. Kusimama hupandisha juu kitovu cha uzito. Kwenda upande mmoja hukivuta pembeni. Mambo hayo mawili yakitokea kwa wakati mmoja, ubavu mmoja hushuka, maji huingia, na maji hayo nayo hukimbilia upande ule ule.

Nahodha mwerevu huwaeleza wageni kabla ya kung'oa nanga kwamba ataigeuza boti ili kila upande upate zamu ya kupiga picha. Hakuna haja ya mtu kuondoka kitini.

Maji ndani ya boti ni mzigo

Maji yaliyokusanyika sakafuni hupuuzwa sana. Lita moja ya maji ni kilo moja. Maji yenye kina cha sentimita 5 katika sakafu ya mita 4 kwa mita 1 ni lita 200, yaani kilo 200, ambazo zinakaribia uzito wa watu watatu. Tofauti na watu, maji hayaketi. Boti ikiinama kidogo, yote huteremkia upande wa chini na kuuongezea uzito pale usipotakiwa.

Kwa sababu hiyo, kumba maji yote kabla ya kupakia, na uwe na ndoo au kata ya kukumbia wakati wote. Boti za mbao zinahitaji kukalafatiwa mara kwa mara. Mbao zilizokaa majini muda mrefu hunywa maji na kuongeza uzito wa chombo chenyewe, hivi kwamba boti iliyobeba watu wanane salama ilipokuwa mpya huenda isiwabebe salama baada ya miaka kadhaa.

Ziwa lenyewe

Kikomo kilichoandikwa ni cha siku njema. Katika Ghuba ya Winam, asubuhi nyingi huwa tulivu, kisha joto la nchi kavu huvuta upepo kutoka ziwani na mawimbi huanza kuinuka alasiri. Ngurumo na mvua ya upepo huja mara nyingi mchana wa mwisho au jioni, mawingu meusi yakijikusanya upande wa milima ya Nandi. Saa hizo ndizo zile ambazo wageni hupenda kutazama machweo.

Ghuba hii haina kina kirefu, na maji ya kina kifupi huinua mawimbi mafupi yanayofuatana kwa haraka. Mawimbi ya namna hiyo huwa mabaya kwa boti fupi iliyoshuka sana majini, kwa kuwa haipati nafasi ya kuinuka kabla ya wimbi la pili kufika. Ndiyo maana abiria wa asubuhi hawafai kuwa idadi sawa na wa jioni. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Nahodha anapaswa kuupata kabla ya kuamua atabeba wangapi.

Kuna mambo mengine matatu ambayo wageni kutoka pwani huenda wasiyajue. Kwanza, maji ya ziwa hayana chumvi, na chombo hushuka kidogo zaidi humu kuliko baharini. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini huongezeka juu ya mengine.

Pili, ziwa liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake. Boti iliyojaa ambayo ingeikimbia dhoruba Mombasa inaweza kuchelewa kufika ufuoni Kisumu.

Tatu, kuna magugumaji, ambayo yamesumbua upande wa Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Yakiinasa rafadha, injini huzima, boti hugeuka ubavu kwa wimbi, na watu huinama nje upande mmoja kusaidia kuyaondoa. Boti yenye uzito wa wastani huvumilia hali hiyo. Iliyojaa pomoni haivumilii. Kazi hiyo ifanywe na mtu mmoja, wengine wakiwa wameketi.

Sheria na wasimamizi

Mamlaka ya Masuala ya Baharini nchini (KMA), iliyoanzishwa mwaka 2004, ndiyo yenye jukumu la kusimamia usalama wa vyombo vya majini, maziwa yakiwemo. Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2009 inawataka wenye vyombo wahakikishe vinafaa kusafiri. Kikosi cha Walinzi wa Pwani, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, hushika doria pia katika Ziwa Victoria. Fuoni zipo kamati za usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, ambazo viongozi wake wanawajua wamiliki na vyombo vyao kwa majina.

Hata hivyo, hakuna afisa anayeweza kusimama kando ya kila boti. Muda ambao nahodha anaamua kuongeza mtu mmoja zaidi ni sekunde chache, na mara nyingi wanaomshawishi ni abiria wenyewe ambao hawataki kutengana na wenzao.

Abiria afanye nini

Kabla ya kupanda, uliza idadi na uzito ambao boti imeruhusiwa, na uombe kuonyeshwa bamba au cheti cha ukaguzi. Tazama ubavu: ukiona maji yamekaribia ukingo boti ikiwa bado imetulia ufuoni, usipande. Tazama sakafu kama ina maji. Hesabu jaketi, ikiwa ni pungufu ya watu, boti imezidisha watu hata kabla ya kupimwa uzito. Vaa jaketi na uifunge, kwa sababu jaketi iliyokaliwa haimwokoi mtu.

Kundi likiwa kubwa, ligawanywe kwa safari mbili au boti mbili. Gharama itaongezeka, lakini ni gharama inayoweza kuchangwa. Anayekataa kupanda asichekwe wala asiitwe mwoga.

Ikitokea kwamba boti imezidiwa ikiwa safarini, nahodha apunguze mwendo, aelekeze omo kwenye mawimbi, na abiria waketi chini katikati. Mizigo itupwe bila kujuta. Boti ikipinduka, waathiriwa waishikilie badala ya kujaribu kuogelea hadi nchi kavu. Boti nyingi za mbao huendelea kuelea, na huonekana kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu. Piga simu 999 au 112. Wanaofika kuokoa nao wakumbuke kikomo chao: wawapakie watu mmoja mmoja, wasiache kundi lote ling'ang'anie ubavu mmoja, la sivyo misiba itakuwa miwili.

Wahenga walinena kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Lakini vyombo tulivyovitaja humu vilikuwa na usukani. Kilichokosekana ni mtu wa kusema pale ufuoni, kabla kamba haijafunguliwa, kwamba waliomo wametosha.